Mtoto mwenye akili na riwaya za kisayansi: Tumchagulie zipi?

Kuna swali ambalo wazazi wa Kiislamu hutuuliza sisi walimu wa dini, na ambalo mihadhara yetu haijalipa nafasi ya kutosha. Mtoto amejaaliwa akili, anapenda kusoma kuliko kucheza, na vitabu anavyovipenda zaidi ni zile hadithi za kubuni zinazohusu sayansi: safari za kwenda kwenye nyota, mashine zinazofikiri kama watu, viumbe wa sayari nyingine, na dunia itakavyokuwa miaka elfu moja ijayo. Je, aachiwe asome? Na kama ataachiwa, asome zipi na aache zipi?

Hapa Nshamba, wilayani Muleba, swali hili lililetwa kwangu na mzazi mmoja ambaye binti yake yuko kidato cha pili. Vitabu huletewa na mjomba wake kutoka Dar es Salaam. Siku moja binti alimuuliza baba yake: ikiwa kwenye sayari nyingine wapo viumbe wenye akili kama sisi, je, wao waliletewa Mtume gani? Mzee wa watu alishtuka. Akavikusanya vitabu vyote, akavifungia sandukuni mpaka apate neno la kitaalamu.

Mimi si mufti na makala hii si fatuwa. Ni maoni ya mwalimu ambaye kila siku yuko darasani na watoto wa aina hiyo. Na maoni yangu ya kwanza ni kwamba swali la yule binti halikuwa dalili ya kupotea. Lilikuwa dalili kwamba somo la dini limemwingia. Qur'an (35:24) inatufundisha kuwa hapana umma uliopita bila ya kupelekewa muonyaji, na katika Surat Ash-Shura (42:29) Allah (s.w) anataja viumbe aliowatawanya mbinguni na ardhini. Mtoto amechukua mafundisho mawili, ameyaweka pamoja, akauliza. Umma uliozaa mafaqihi ulijengwa na watu wa kuuliza hivyo.

Hata hivyo, hofu za wazazi zisidharauliwe. Tuziangalie moja moja.

Hofu ya kwanza ni kwamba hadithi za kubuni ni uongo, na Muislamu hasemi uongo. Wenye hoja hii hutaja aya ya sita ya Surat Luqman inayowalaumu wanaonunua maneno ya upuuzi. Lakini aya yenyewe inataja kusudio la mtu huyo, nalo ni kuwapoteza watu na njia ya Allah. Wafasiri wengi wanaitaja habari ya Nadhr bin Harith, Mkureshi aliyekuwa akisimulia visa vya wafalme wa Kiajemi ili watu wasimsikilize Mtume (s.a.w). Kilicholaumiwa hapo ni kutumia kisa kuzuia haki isisikike. Uongo ni kumtaka mwenzio aamini lisilokuwepo. Anayesema wazi kwamba hiki ni kisa cha kubuni hajamdanganya mtu.

Tena wanavyuoni wetu wenyewe waliandika visa vya aina hii. Ibn Tufayl wa Andalusia, tabibu wa sultani wa Muwahhidun, aliyefariki mwaka 1185, aliandika kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na swala katika kisiwa kisicho na watu. Swala alipokufa, Hayy alimpasua ili ajue ni kitu gani kilichomtoka. Akachunguza moto, wanyama na mwendo wa nyota, hadi akafikia kumjua Muumba wake. Karne moja baadaye Ibn Nafis, tabibu na faqihi wa madhehebu ya Shafi wa Cairo, ndiye aliyeeleza jinsi damu inavyopita kwenye mapafu, na yeye pia aliandika kisa cha mtu wa kisiwani aitwaye Kamil. Watu hawa hawakuona kwamba kubuni kisa kunawatoa katika dini. Waliona ni njia ya kupima hadi wapi akili inaweza kufika, na wapi inahitaji wahyi.

Hofu ya pili ni ya itikadi. Mzazi anaogopa kwamba mtoto akisoma habari za mtu kulala akaamka baada ya karne nyingi, au za vyombo visivyopata kuonekana, ataona mambo ya Mungu kuwa mchezo. Mimi naona kinyume chake. Mtoto aliyehifadhi Suratul Kahf anawajua vijana waliolala pangoni miaka mia tatu na kuzidi tisa. Aliyesoma Suratul Baqarah (2:259) anamjua mtu aliyefishwa miaka mia moja, akafufuliwa na kukuta chakula chake hakijaharibika. Na katika Surat An-Nahl (16:8), baada ya kutajwa farasi, nyumbu na punda wa kupandwa, Allah anaongeza kwamba anaumba na msivyovijua. Mtoto wa madrasa ameshazoea kuambiwa kuwa ulimwengu ni mpana kuliko macho yake. Anachohitaji ni kufundishwa tofauti kati ya habari ya kweli iliyotoka kwa Mola wake na kisa alichokibuni mwanadamu. Tofauti hiyo mtoto wa miaka kumi na minne anaielewa vizuri.

Basi hatari iko wapi? Ipo, na kwa maoni yangu iko mahali ambapo wazazi wengi hawapatazami. Tunakagua kama kitabu kina mapenzi, pombe au matusi, na kukagua huko ni wajibu. Lakini hatuulizi jambo jingine: katika dunia hiyo iliyobuniwa, sisi tumewekwa wapi? Nani anaendesha chombo, na nani amesimama chini akikishangaa?

Nitatoa mfano unaotugusa sisi watu wa Kagera moja kwa moja. Mfaransa Jules Verne anahesabiwa miongoni mwa mababa wa riwaya za kisayansi. Riwaya yake ya kwanza kuchapishwa na kumpa jina, mwaka 1863, inahusu Waingereza watatu wanaovuka Afrika kwa puto kubwa la gesi kwa muda wa wiki tano. Safari inaanzia Zanzibar, inapita Kazeh, yaani Tabora, kisha inakuja Karagwe na juu ya ziwa letu, ambalo yeye analiita Ukerewe. Kwa maneno mengine, riwaya za kisayansi zilipokuwa ndiyo kwanza zinazaliwa Ulaya, zilipita juu ya vichwa vya babu zetu.

Sasa tazama babu zetu wamepewa kazi gani humo. Zanzibar wenyeji wanakasirika kusikia kuna mtu atakayepaa, wakidhani anataka kulidhuru jua na mwezi wanaoviheshimu, na wasafiri wanalazimika kuhamia kisiwa kingine ili waruke. Tabora watu wanaliona puto wakadhani ni mwezi umeshuka, na wasafiri ni watoto wa mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza wakagundua wamekosea. Na kuna mahali ambapo kundi la nyani linadhaniwa ni Waafrika, na wasafiri wanafanya mzaha kwamba tofauti si kubwa.

Mtoto wa Nshamba mwenye akili anasoma haya usiku, peke yake. Anapenda lile puto, anapenda hesabu za gesi na upepo, anatamani awe ndani ya kikapu chake. Lakini watu wanaofanana na babu yake wako chini, wanapiga kelele. Ili aifurahie safari inambidi ajitenge na watu wake, aketi pamoja na wanaowacheka. Hakuna anayemwambia afanye hivyo. Kitabu kinamfundisha polepole. Na akishasoma vitabu ishirini vya namna hiyo, anaweza kufikia hitimisho baya kabisa: kwamba akili ina kwao na dini yake ina kwao, na nyumba hizo mbili haziko mtaa mmoja. Vijana tunaowapoteza vyuoni, wengi hawakushindwa hoja na mtu. Walikata tamaa zamani kwamba Uislamu una nafasi kwa mtu mwenye akili kama zao.

Je, dawa ni kukificha kitabu cha Verne? Hapana. Dawa ni kumpa mtoto majibu anayostahiki, na majibu yapo.

Jibu la kwanza ni la dini. Mtume wetu (s.a.w) alifiwa na mwanawe Ibrahim mwaka wa kumi Hijria, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Kama angekuwa mtu wa kutafuta utukufu, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi. Lakini, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, alisimama akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Akawaamuru kuswali na kuomba. Mtoto akishaijua hadithi hii, anaposoma kwamba watu wa Zanzibar, mji wa misikiti na madrasa, wanalilia jua na mwezi, ataweza kusema mwenyewe: mwandishi huyu hakutujua.

Jibu la pili ni la historia. Verne hakuwahi kufika huku. Alitegemea maandishi ya wasafiri. Mwishoni mwa mwaka 1861, miezi michache kabla ya tarehe aliyoipanga ya safari ya puto, Mwingereza Speke alikuwa Karagwe kwa Mtemi Rumanyika, ambako wafanyabiashara Waarabu walishakuwa na kituo chao Kafuro. Speke anaandika kwamba Rumanyika alikuwa mtu wa maswali mengi, na miongoni mwayo aliuliza kama jua linalochomoza leo ni lile lile la jana au ni jingine jipya. Mtu anayeuliza hivyo hafanani na wale waliochorwa katika riwaya. Anafanana zaidi na yule binti wa kidato cha pili.

Na kuna kubwa zaidi. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao huku kwa Wahaya, pembezoni mwa ziwa. Walieleza kwamba miaka kati ya 1,500 na 2,000 iliyopita wafua chuma wa eneo hili walikuwa wakizalisha chuma cha pua katika matanuri ambayo hewa ya mivukuto ilipashwa moto ndani ya mabomba ya udongo kabla ya kufika kwenye mkaa. Wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo waliwajengea tanuri wakaliona likifanya kazi. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu sehemu za maelezo hayo, na mtoto aambiwe hivyo pia. Lakini ajue kwamba ardhi ambayo puto la Verne linapita juu yake ilikuwa na mafundi kabla ya Verne kuzaliwa, na kabla hata ya Uislamu kufika kwetu.

Hapa lazima nitoe tahadhari kwa ndugu zangu, kwa sababu tuna ugonjwa wetu wa upande wa pili. Tukishachoka kudharauliwa, tunakimbilia vijitabu vinavyosema Waislamu walivumbua kila kitu. Chukua habari ya Abbas bin Firnas wa Cordoba, aliyefariki mwaka 887, ambaye tunawasimulia watoto kwamba aliruka kwa mbawa. Maelezo yanayotegemewa ya habari hiyo yametoka kwa Al-Maqqari, mwanahistoria aliyefariki mwaka 1632, zaidi ya karne saba baadaye, ingawa anamtaja mshairi wa zama za Ibn Firnas. Huenda ni kweli. Lakini sisi ndio umma wa isnadi. Tunawafundisha wanafunzi wa Elimu ya Dini ya Kiislamu wasipokee habari bila kujua imepitia kwa nani, kisha habari ikitusifu tunaipokea macho yamefumbwa. Mtoto mwenye akili ataligundua hilo. Siku akigundua, atajiuliza ni mangapi mengine tumemwambia kwa namna hiyo hiyo.

Wala historia ya Kagera si ya kujivunia tu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu. Kabla watu hawajaelewa, wapo walioutaja ugonjwa kwa jina la nguo za biashara, Juliana, na wapo waliosema ni uchawi. Nshamba na vijiji vya Muleba vinajua idadi ya mayatima walioachwa. Kudhani kitu ni kingine kunaua, na hilo halihitaji puto la Mzungu kututokea. Kwa hiyo simtaki mtoto asome ili ajisikie mkubwa. Namtaka asome ili awe miongoni mwa watakaouliza mapema.

Kwa msingi huo, haya ndiyo niliyomshauri yule mzazi, na namshauri kila aliye katika hali yake.

Aanze na Hayy bin Yaqdhan. Kitabu hiki kilitafsiriwa kwa Kilatini Oxford mwaka 1671 na kwa Kiingereza kutoka Kiarabu mwaka 1708, na tafsiri hiyo ya zamani inapatikana bure kwenye intaneti. Azungumze na mtoto kuhusu mwisho wake, pale Hayy anapokwenda kuwafundisha watu wa kisiwa cha pili na kushindwa. Ni somo zuri kwa mtoto anayejiona ana akili kuliko wenzake.

Kisha Ndoto ya Sultana ya Bibi Rokeya Sakhawat Hossain, Muislamu wa Bengali, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1905. Ni kifupi sana. Anabuni nchi ambayo wanawake ndio wanasayansi, wanavuna joto la jua na kuvuta maji kutoka mawinguni, na wanaume ndio wanaokaa ndani. Wapo watakaokunja uso. Lakini mwandishi alikuwa akiwauliza wanaume wa zama zake swali zito, kwamba mbona elimu aliyoifaradhisha Allah mmewanyima binti zenu? Mwaka 1911 alifungua shule ya wasichana wa Kiislamu Calcutta. Mzazi asiyeafiki kisa chake asome pamoja na binti yake, amweleze ni wapi haafiki na kwa hoja gani.

Katika Kiswahili tunavyo vichache, lakini tunavyo. Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951, kinahusu nchi inayoelea angani, na ndani yake mna kesi ya mtu anayejitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa kutafuta maarifa nje. Walenisi cha Katama Mkangi wa Kenya, cha mwaka 1995, kinamsafirisha mtu aliyehukumiwa kifo kwa chombo cha angani hadi nchi nyingine. Humo mwenye kuendesha chombo ni mtu wetu.

Verne asome, lakini mzazi au mwalimu akae karibu. Baada yake asome Vita vya Walimwengu cha Mwingereza H.G. Wells, cha mwaka 1898, ambamo viumbe wa Mars wanaivamia Uingereza. Wells anawakumbusha Waingereza wenzake jinsi Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Mtoto akivisoma viwili hivyo kwa kufuatana ataona kwamba hata huko Ulaya wapo waliojihoji.

Cha Nnedi Okorafor kiitwacho Binti, cha mwaka 2015, kinamhusu msichana wa Kihimba anayekubaliwa chuo kikuu kwenye sayari nyingine na kuondoka nyumbani kwa siri. Kinafaa, ila suala la kuwatoroka wazazi lijadiliwe waziwazi. Kile cha Frank Herbert kiitwacho Dune, cha mwaka 1965, kingoje hadi kidato cha tano au sita. Kimejaa maneno yetu, jihadi na Mahdi, na ndani yake imani ya kumngojea Mahdi imepandikizwa na watu wenye maslahi yao. Kijana akikisoma kabla hajaijua itikadi yake anaweza kudhani ameelezwa dini yake, kumbe ameelezwa fikra za Mmarekani kuhusu mamlaka.

Ipo pia hadithi fupi ya Isaac Asimov ya mwaka 1956, ambamo kompyuta inaendelea kukua matrilioni ya miaka hadi mwishowe inachukua nafasi ya Muumba. Baadhi ya wazazi watasema hii ichomwe moto. Mimi naona isomwe darasani wakati wa kufundisha Tawhid. Zama hizi watoto wanazungumza na mashine kwenye simu nazo zinawajibu kama watu. Swali la kama kitu kilichoundwa kinaweza kuwa mungu limeshafika mifukoni mwao. Nabii Ibrahim (a.s) aliwauliza watu wake swali hilo hilo kuhusu walivyovichonga kwa mikono yao.

Inabaki hoja ya gharama na muda. Baadhi ya vitabu nilivyovitaja ni vya zamani na vinapatikana bila malipo. Vinaweza kuchapishwa kurasa chache chache. Muda ndio mgumu. Ni rahisi zaidi kufunga sanduku kuliko kukaa na mtoto nusu saa baada ya Isha na kumsikiliza. Lakini malezi ni amana, na amana haitekelezwi kwa kufuli. Mtoto aliyefungiwa vitabu atavisoma kwa rafiki yake au kwenye simu ya kuazima, na atakapokuwa na swali zito kuhusu Mola wake, hatakuja kwetu. Ameshajifunza kwamba sisi hujibu maswali kwa kufunga masanduku.

Misikiti yetu ya mijini, Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam, ina vyumba vya darsa ambavyo mchana hukaa vitupu. Ni msikiti upi utakaokuwa wa kwanza kuweka rafu moja ya vitabu hivi na mwalimu mmoja wa kuwasikiliza vijana Jumamosi jioni?

Tumuombe Allah (s.w) awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi wazazi na walimu subira ya kuyapokea maswali yao. Wabillahi tawfiq.